Bei ya Goti Lililopona

Jumamosi ambayo Ligi Kuu ya Uingereza ina mechi ya mapema, dirisha la kubadilisha kikosi cha Fantasy, ule mchezo wa simu wa kuunda timu ya kufikirika, hufungwa saa saba mchana kwa saa za kwetu. Waingereza wakirudisha saa zao nyuma mwishoni mwa Oktoba, hufungwa saa nane. Ziba wanalijua hilo vizuri. Katika kata hii ya wilaya ya Igunga, mkoani Tabora, kijana aliyeamkia shambani atahakikisha simu ina chaji na bando halijaisha kabla ya muda huo, maana akichelewa dakika moja kikosi chake kitabaki kilivyo mpaka wiki ijayo. Wenzake wamekaa kwenye kivuli karibu na banda la fundi pikipiki, kila mmoja ameinamia kioo cha simu, wanabishana. Nani avae ukapteni? Nani auzwe? Nani apewe wiki moja zaidi? Na mara nyingi ubishi hukwama kwa mchezaji mmoja ambaye kando ya jina lake pamewekwa alama ya njano.

Mchezaji mzima hana alama yoyote. Nyekundu maana yake hachezi. Njano ndiyo yenye maneno: huyu anarudi kutoka majeruhi, uwezekano wa kucheza ni asilimia 75, au 50, au 25. Ukibonyeza jina unasoma sababu kwa ufupi, na sababu inayowanyamazisha wabishi kuliko zote ni goti. Nyama za paja zikichanika, watu huhesabu wiki. Kifundo kikiteguka, watu huhesabu siku. Goti likitajwa, hakuna anayejua ahesabu nini.

Nimeitazama alama hiyo misimu mingi na nimeona inabeba swali kubwa kuliko mchezo wenyewe. Mtu aliyevunjika pale panapombeba, akauguza mwaka mzima, kisha akasimama tena mbele yetu, ana thamani gani? Na ni nani anayempangia hiyo thamani?

Kwenye Fantasy jibu hutolewa kwa tarakimu. Kila meneja hupewa paundi milioni 100 za kufikirika, anunue wachezaji 15, wasizidi watatu kutoka klabu moja. Kumi na mmoja wanaanza, wanne wanakaa benchi. Mchezaji akicheza dakika 60 au zaidi anakuletea alama mbili. Chini ya hapo, alama moja. Bao la mshambuliaji ni alama nne, la kiungo tano. Bei hupanda na kushuka kwa visehemu vya paundi laki moja, kadiri watu wanavyomkimbilia mchezaji au kumkimbia. Wazo hilo lilizaliwa Marekani mwaka 1962, pale Bill Winkenbach, aliyekuwa na hisa katika timu ya Oakland Raiders, alipokaa na wenzake kutunga sheria za kumiliki wachezaji kwenye karatasi. Mchezo wa Fantasy wa Ligi Kuu ya Uingereza ulianza mwaka 2002, na leo unachezwa na mamilioni ya watu, wakiwemo wale ambao hawajawahi kuuona uwanja wa Uingereza isipokuwa kwenye runinga ya kibanda umiza.

Kwa hesabu hizo, anayetoka kuuguza goti ni mzigo kwa wiki za mwanzo. Siku alipoumia, maelfu walimuuza usiku ule ule, bei ikaporomoka. Akirudi, kocha humwingiza dakika ya 80 wakati matokeo yameshajulikana, naye hukuletea alama moja. Hapo ndipo kishawishi huingia: leo anauzwa bei ya chini, akirejea kwenye kiwango chake atakuwa ghali, basi heri kumchukua sasa. Anayemchukua mapema hubana fedha zake kwa mchezaji asiyeanza, na huku washindani wake wanavuna. Anayengoja sana humkuta ameshapanda. Ujuzi wote wa wachezaji wa Fantasy kuhusu majeruhi umejengwa juu ya kukisia wiki moja tu, wiki ambayo goti litakubali.

Goti lakini halina habari na wiki zetu. Ndani yake zipo ligamenti mbili fupi zinazopishana, na ile ya mbele ndiyo inayouzuia mfupa wa muundi usichomoke kwenda mbele mtu anapokita mguu na kugeuka. Mara nyingi hukatika bila mchezaji kuguswa na yeyote. Winga yuko peke yake, mpira uko mbele, anakita mguu ili abadilishe njia. Mwili unageuka, goti halifuati. Mwenyewe husikia mlio ndani ya mguu kabla hajasikia maumivu. Ligamenti hiyo ikikatika kabisa, haiungi yenyewe kwa namna ya kumrudisha mtu kwenye soka la ushindani. Daktari huchukua kipande cha kano nyuma ya paja au chini ya pia ya goti, akatoboa mifupa na kukipitisha pale ilipokuwa ligamenti ya zamani.

Kinachofuata ndicho watazamaji wengi hatukijui. Kile kipande hakianzi kazi siku ile. Chembe zake nyingi hufa kwanza, kisha mwili hukipelekea damu mpya na kukigeuza taratibu kiwe ligamenti. Ni kama kipande cha mti wa muhogo kilichochomekwa ardhini, ambacho kwa muda huonekana mti mkavu tu, kumbe chini kinatafuta mizizi. Hatari iko hapo. Miezi michache baada ya upasuaji uvimbe umekwisha, mtu anapanda ngazi, anaendesha baiskeli, anajisikia mzima. Ligamenti yake bado haijakomaa. Anayeamini hisia zake wakati huo ndiye anayejitonesha.

Mwaka 2016 watafiti wa Oslo na Delaware walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu waliorudi michezoni baada ya upasuaji huu. Waliona kwamba kila mwezi mmoja wa kusubiri, hadi kufikia mwezi wa tisa, ulipunguza uwezekano wa goti kuumia tena kwa takriban nusu. Mwaka huo huo yalitolewa matokeo ya uchunguzi wa miaka 15 katika klabu kubwa za soka za Ulaya. Karibu wachezaji wote waliofanyiwa upasuaji huo walirudi uwanjani, lakini miaka mitatu baadaye ni asilimia 65 tu waliokuwa bado wanacheza ngazi ya juu. Na hao ni watu wenye madaktari wa klabu, mabwawa ya mazoezi, wapishi na mshahara unaoingia kila mwezi wawe uwanjani au kitandani.

Nazikumbuka takwimu hizi kila ninapoona alama ya njano ikiondolewa. Kuondolewa kwake kunatuambia kwamba mtu anaruhusiwa kucheza. Hakutuambii kwamba goti limemaliza kazi yake. Kati ya kuruhusiwa na kupona kuna miezi, na miezi hiyo ina gharama. Ndilo jambo nililolipata kwa kuufuatilia mchezo huu wa tarakimu: thamani ya anayerudi hutegemea sana nani amekubali kulipia kusubiri kwake.

Upande wa Marekani, kwenye soka lao la mpira wenye umbo la yai, swali hili huulizwa zaidi kuhusu wapokeaji, wale wanaokimbia pembeni, wanakata kona ghafla na kuudaka mpira hewani. Kazi yao yote ni goti. Novemba 2018 Cooper Kupp wa Los Angeles Rams alikatika ligamenti ya mbele. Alikosa sehemu iliyobaki ya msimu pamoja na fainali kuu iliyochezwa Februari 2019, timu yake ikafungwa bila yeye. Alirudi Septemba 2019, akadaka mipira 94 msimu ule. Miaka miwili baadaye akadaka 145 kwa yadi 1,947, akaongoza ligi nzima kwa mipira, kwa yadi na kwa kufunga, na Februari 13, 2022 akawa mchezaji bora wa fainali.

Usiku ule ule, kwenye timu ile ile, alikuwepo mpokeaji mwingine, Odell Beckham Jr. Goti lake la kushoto lilikuwa limekatika Oktoba 2020, akafanyiwa upasuaji, akarejea Septemba 2021. Katika fainali alifunga mapema, mchezo ukiwa wake. Kabla ya mapumziko akajaribu kuudaka mpira bila kuguswa na mtu, goti lile lile la kushoto likakatika tena. Msimu wa 2022 hakucheza hata mechi moja.

Watu wawili, jeraha moja, kikosi kimoja, usiku mmoja. Aliyeketi kupanga bei zao asubuhi ya siku hiyo asingeweza kuwatofautisha kwa goti. Mmoja alikuwa na miaka mitatu nyuma ya upasuaji wake, mwingine mwaka mmoja na kidogo. Sisemi muda ndio sababu pekee; goti lina mambo mengi, na Beckham alirudi baada ya miezi ambayo madaktari huikubali. Ninachosema ni kwamba hata pale fedha zinapomwagwa bila kuhesabu, kila anayerudi anarudi na deni ambalo halionekani kwenye karatasi ya bei.

Kwetu Afrika Mashariki tumeyaona kwa watu tunaowajua kwa majina ya nyumbani. Victor Wanyama wa Kenya alicheza mechi 36 za ligi katika msimu wake wa kwanza Tottenham, 2016/17; kiungo asiyechoka, asiyekosa. Agosti 2017 goti likamweka nje hadi mwanzo wa mwaka uliofuata. Februari 4, 2018, uwanjani Anfield, akitokea benchi, aliupiga mpira kutoka nje ya boksi ukaenda kama ulivyokuwa umeagizwa, mabao mengine yote ya mwezi ule yakasahaulika. Waliomwacha kikosini siku ile walivuna alama sita kwa bao na dakika chache za kucheza. Wengi wetu tuliamini Wanyama amerudi. Goti lilikuwa na mpango mwingine. Misimu iliyofuata ilikuwa ya kukosa mechi, kuingia na kutoka, mpaka Machi 2020 alipohamia Montreal. Bao lile lilikuwa la kweli, na kupona kulikuwa bado hakujafika.

Mbwana Samatta naye aliumia goti Novemba 2017 akiwa Genk, Ubelgiji, akakaa nje wiki kadhaa. Jeraha lake halikuwa la kumkalisha mwaka, na klabu ilimpa nafasi ya kulijenga. Msimu wa 2018/19 alifunga mabao 23 ya ligi, Genk ikawa bingwa, naye akatwaa Kiatu cha Ebony, tuzo ya mchezaji bora mwenye asili ya Afrika nchini humo. Januari 2020 akatua Aston Villa. Kwa mara ya kwanza jina la Mtanzania likawekwa kwenye orodha ya Fantasy likiwa na bei. Februari 1 aliifunga Bournemouth, na kuanzia Dar es Salaam mpaka vijiji vya Tabora watu wakamwingiza kikosini, wengine kwa hesabu, wengi kwa mapenzi. Machi 1 akafunga tena kwenye fainali ya Kombe la Ligi pale Wembley dhidi ya Manchester City.

Kabla ya Ulaya, Samatta alikuwa Lubumbashi, huko Katanga, na TP Mazembe tangu 2011, na mwaka 2015 akatwaa nao Ligi ya Mabingwa Afrika. Mtu wa Tabora hawezi kulisikia jina la Katanga bila kukumbuka kwamba njia ya kwenda huko ilifunguliwa na miguu ya watu wa huku. Karne ya kumi na tisa, Ngelengwa, Msumbwa aliyejulikana baadaye kama Msiri, aliifuata njia ya shaba na pembe za ndovu, akajenga himaya yake Bunkeya na kuitawala mpaka alipouawa Desemba 1891. Kwa hiyo kijana wa Tanzania kwenda Katanga kuuza nguvu za miguu yake ni habari ya zamani sana katika nchi hii. Kilichobadilika ni namna ya kulipwa.

Njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapanda Usagara, ikavuka Ugogo na pori la Mgunda Mkali, ikafika Tabora, kisha ikaendelea hadi Ujiji. Ziba iko kaskazini-mashariki ya Tabora mjini, katika nchi iliyotoa wapagazi. Kwa Wanyamwezi upagazi ulikuwa kazi ya heshima. Kijana ambaye hajawahi kuifikia pwani alihesabika kama hajakua. Wasafiri wa zama zile waliandika kwamba watoto walianza kujizoeza kwa pembe ndogo mabegani. Mzigo wa mtu mzima ulikuwa kama frasila mbili, zaidi ya kilo 30, mbali na mkeka wake, chungu chake na silaha. Mnyamwezi aliubeba begani, na kila alipopanda jabali au kushuka korongoni uzito ule wote ulipita kwenye magoti mawili.

Tazama basi jinsi njia ile ilivyompima mtu mguu ulipokataa. Novemba 1857 msafiri Mwingereza Richard Burton alifika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo. Alipoendelea kwenda magharibi homa ilimpooza miguu, na akawekwa kwenye machela akabebwa na watu. Mwaka 1871 William Farquhar, baharia Mskoti aliyekuwa kwenye msafara wa Henry Morton Stanley, alivimba miguu asiweze kwenda. Stanley alimwacha Mpwapwa na kuendelea na safari. Farquhar alifia hukohuko. Mmoja alikuwa mwenye msafara, mwingine alikuwa mwajiriwa. Ikiwa Mzungu mwenye jina, ambaye habari zake zingesomwa Ulaya, aliweza kuachwa njiani, tunaweza kukisia hali ya mpagazi ambaye jina lake halikuandikwa popote. Mzigo wake ulihamia bega la mwingine kabla jua halijawa kali. Vitambaa, ushanga na pembe vilikuwa na siku ya kufika. Goti lake halikuwa na mtu wa kulisubiri.

Sikumbushi haya ili kusema kwamba mchezo wa simu ni utumwa, au kwamba kijana anayemuuza mchezaji mgonjwa Ijumaa usiku ana moyo wa Stanley. Mchezaji wa Fantasy anauza jina. Hakuna anayeachwa porini. Lakini mazoea ya akili huvuka kutoka mchezoni kuingia maishani, na hili la kumthamini mtu kwa Jumamosi inayokuja nimeliona likivuka.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na upagazi wa safari ndefu ukafa. Miguu ya vijana wa Ziba ikabaki na jembe, na jioni na mpira. Kiangazi, pamba ikishavunwa na fedha kidogo ya msimu ikiwa mifukoni, huanza mashindano ya vijiji. Timu huchangia kiingilio, bingwa huondoka na ng'ombe au mbuzi. Tangu Tabora United ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2023, na hasa baada ya kuifunga Yanga 3-1 Novemba 2024, kila winga wa mchangani ana sababu ya kuamini kwamba Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi hauko mbali naye.

Kwenye mechi moja ya namna hiyo nilimtazama winga wa kulia aliyekuwa ameumia goti msimu uliotangulia. Alikuwa amelizungushia bandeji ya kuvutika, juu yake akavuta soksi iliyokatwa unyayo ili bandeji isishuke. Kabla ya kuingia alishika mlingoti wa goli, akachuchumaa mara mbili, akautikisa mguu. Kocha akamuuliza kwa sauti ya chini, "Vipi goti?" Akajibu, "Freshi, kocha." Kila aliyekuwa karibu alijua hilo ndilo jibu pekee analoweza kutoa.

Akicheza kwa kunyooka hukuona tatizo. Mbio zilikuwepo, krosi zilikuwepo. Mpira ulipomtaka ageuke ndipo mwili wake ulisema ukweli. Pale ambapo wengine wangekita mguu mmoja na kukata, yeye alipiga hatua tatu nne fupi fupi, akizunguka polepole, na beki akawa ameshafika. Watazamaji wakapiga kelele, "Kata, wewe! Kata!" Hakukata. Goti lilikuwa limemfundisha kitu ambacho watazamaji hawakukijua, naye alilitii mbele ya kijiji kizima kilichokuwa kikimcheka. Nilimheshimu kwa hatua zile fupi kuliko kwa krosi zake zote.

Goti lake lilitunzwa kama magoti mengi ya huku yanavyotunzwa. Likakandwa kwa maji ya moto, likachuliwa, likapumzishwa mpaka uvimbe ukaisha, na uvimbe ulipoisha likahesabiwa limepona. Hospitali ya Rufaa ya Nkinga, iliyoanzishwa na wamisionari wa Kiswidi na ambako watu wa mikoa jirani huja kutibiwa, haiko mbali na Ziba. Mjini Tabora ipo hospitali ya Kitete. Daktari anaweza kulishika goti akajua kwa mikono yake kwamba ligamenti imelegea. Lakini upasuaji wa kupandikiza kano, na baada yake miezi tisa ya mazoezi chini ya mtaalamu wa viungo, ni safari ambayo familia ya mkulima huipima kwa magunia na mbuzi. Na wakati kijana anauguza, pamba inataka palizi. Yeye hana benchi. Timu ya taifa ina benchi, Genk ina benchi, hata kikosi changu cha kufikirika kina nafasi nne za kumhifadhi mgonjwa bila kumfukuza. Mguu wa mkulima huanza kila mechi.

Kwa wasichana mzigo ni mkubwa zaidi. Madaktari wa michezo wameonyesha kwa miaka mingi kwamba ligamenti hii hukatika kwa wanawake wanaocheza soka mara nyingi zaidi kuliko kwa wanaume. Kwenye Kombe la Dunia la 2023 Uingereza ilicheza bila Leah Williamson na Beth Mead, na Uholanzi bila Vivianne Miedema, wote watatu wa Arsenal, wote kwa jeraha hilo hilo. Msichana wa Ziba aliyepata ruhusa ya kucheza baada ya kubishana nyumbani akiumia goti, mara nyingi maumivu yake hutumika kama ushahidi kwamba hakupaswa kucheza tangu mwanzo. Anapoteza goti na hoja kwa pamoja.

Haya yote yana dawa zisizohitaji kungoja hospitali kubwa. Futi ya fundi cherehani inatosha kupima paja la mguu mzima, juu kidogo ya pia ya goti, kisha la mguu ulioumia mahali pale pale. Likiwa jembamba, misuli bado haijarudi, na misuli ndiyo inayoisaidia ligamenti kazi. Mwambie mchezaji aruke kwa mguu mmoja, ule mzima, weka alama chini. Kisha aruke kwa ule mwingine. Wataalamu hutaka mguu ulioumia ufikie angalau asilimia 90 ya mwenzake, pamoja na vipimo vingine, kabla ya mtu kurudi kwenye ushindani. Kocha wa kijiji mwenye futi na mstari uliochorwa mchangani tayari ana swali bora kuliko "Vipi goti?", kwa kuwa swali la futi na mstari halimlazimishi kijana kusema uongo.

Na yale mashindano ya ng'ombe yana kiingilio. Kamati zikikubaliana kutenga sehemu yake kabla zawadi haijanunuliwa, kwa ajili ya atakayeumia, fedha hiyo haitalipia upasuaji wa goti. Italipia nauli ya kumwona daktari mapema, na vibarua wawili wa palizi katika mwezi ambao mgonjwa alipaswa kukaa chini. Hilo ndilo benchi ninalolisema. Kijana asiyelazimika kushika jembe wiki ya sita ana nafasi ya kulifikia goti lake mwezi wa tisa.

Kwa wenzangu wa Fantasy, wanaotaka jibu la Jumamosi, ninalo na nalitoa kwa moyo wote. Msimnunue anayerudi kwa sababu ni rahisi. Mwacheni aanze mechi, aanze tena, mumtazame anavyogeuka na si anavyokimbia. Mkiona anakita mguu bila kufikiri, mchukueni hata kama bei imepanda, maana hapo mnanunua mchezaji. Kabla ya hapo mnanunua matumaini yenu wenyewe. Hesabu nzuri na ushauri wa daktari, katika jambo hili, vinasema neno moja: ngoja.

Kungoja kwenye simu hakumgharimu mtu chochote isipokuwa alama chache. Kungoja Ziba kunagharimu palizi, nauli na heshima ya kijana mbele ya wenzake, na gharama hiyo leo anailipa peke yake. Wenye misafara walikuwa na uwezo wa kusubiri na hawakusubiri, kwa kuwa mzigo ndio uliokuwa na bei. Sisi tunaopiga kelele pembeni ya uwanja tunaweza kupanga bei tofauti: tukubali kuchangia miezi ambayo mtu hatufungii bao lolote, na jina lake tulihesabu kikosini miezi yote hiyo.